Aliyeshinda Akiwa Mgonjwa: Jerry Bailey na Pombe

Januari 1989, Jerry Bailey, mpanda farasi wa mbio mwenye umri wa miaka 31 aliyekwisha kujijengea jina katika viwanja vya New York, aliacha pombe. Hakuiacha kwa sababu alikuwa anashindwa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa kuwa wengi wanaoisimulia habari yake hulipita haraka, ilhali kwangu mimi ndilo kiini cha habari yenyewe: mtu huyu alikuwa akishinda mbio, akipata fedha nzuri, akitafutwa na wakufunzi wenye farasi wa maana, na muda wote huo alikuwa mlevi ambaye ndoa yake ilikuwa imefika pabaya.

Simulizi iliyozoeleka huenda hivi: alikunywa, akaacha, akawa bingwa. Na kweli rekodi zinaipa nguvu. Kabla ya mwaka 1989 Bailey hakuwa ameshinda hata moja kati ya mbio tatu kubwa za farasi wa miaka mitatu ambazo Wamarekani huziita Triple Crown. Mwaka 1991 alishinda mbili, Preakness na Belmont, akiwa juu ya Hansel. Mwaka 1993 akaishinda Kentucky Derby na Sea Hero, mwaka 1996 akairudia na Grindstone, mwaka 2000 akachukua Preakness na Red Bullet, na mwaka 2003 Belmont na Empire Maker. Mbio za Breeders' Cup, ambazo hukusanya farasi bora mwishoni mwa msimu, alizishinda mara 15, tano kati ya hizo zikiwa za Classic, iliyo kubwa kuliko zote. Tuzo ya Eclipse ya mpanda farasi bora wa Marekani aliipata mara saba, na alipostaafu Januari 2006 alikuwa ameshinda mbio 5,893.

Ukizipanga tarehe hizo upande mmoja na ile Januari upande wa pili, hitimisho linakujia lenyewe. Ndiyo maana nalitilia shaka. Mtu wa miaka 31 katika kazi hii ndiyo kwanza anaingia katika umri wake mzuri, ambapo mwili bado una nguvu na macho yamekwisha kuona mbio za kutosha. Huenda mataji mengine yangekuja tu, kwa kuwa farasi bora huwafuata wapanda farasi waliokomaa. Lakini shaka yangu kubwa si ya hesabu. Tukiyafanya mataji kuwa ushahidi wa kupona, basi tunalazimika kukubali pia kwamba ushindi wa kabla yake ulikuwa ushahidi wa afya, na hilo si kweli hata kidogo. Ushindi ule ulikuwa pazia.

Ili pazia hilo lieleweke ni lazima kuitazama kazi yenyewe. Msomaji aliyewahi kufika uwanja wa Ngong pale Nairobi amewaona watu hawa wakitoka na tandiko mkononi kwenda kupanda mizani, na baada ya mbio wakirudi na tandiko lilelile kupima tena, ili ihakikishwe kwamba farasi alibeba uzito aliopangiwa. Katika Kentucky Derby farasi dume hubeba takriban kilo 57, na ndani ya kilo hizo yumo mtu, nguo zake, viatu vyake na tandiko. Mtu mzima wa kawaida hawezi kuuishi uzito huo mwaka mzima bila kujinyima. Kwa hiyo wapanda farasi hukaa katika sauna kabla ya kazi, hukimbia wakiwa wamejifunika nguo za plastiki, na kwa miaka mingi wapo waliomeza dawa za kukojoza au kutapika kwa makusudi kile kidogo walichokula. Fred Archer, aliyekuwa bingwa wa Uingereza mara 13, alijiua mwaka 1886 akiwa na miaka 29, mwili ukiwa umedhoofika kwa homa na kwa kujinyima chakula. Zaidi ya karne moja imepita tangu hapo, na mizani bado ipo palepale mlangoni.

Pombe hupata nafasi nzuri sana katika mwili wa namna hiyo. Tumbo tupu hulewa haraka, kwa hiyo kidogo kinatosha, na kidogo hakionekani. Glasi inakatisha njaa na kuupa mwili joto, na jioni inapofika inayafuta mawazo ya siku nzima, ambayo si mawazo madogo: katika kazi hii ambulensi huwafuata wafanyakazi kwa nyuma wakiwa kazini, kila mbio, kila siku, kwa sababu kila mtu uwanjani anajua kwamba mmoja wao anaweza kuanguka chini ya kwato. Sisemi kwamba njaa na hofu humfanya kila mtu kuwa mlevi, kwa kuwa wapo wengi walioyapitia hayo yote na hawakugusa chupa. Ninachosema ni kwamba kazi hii huiweka pombe karibu sana na mtu aliyechoka, halafu humwadhibu akikiri kwamba imemshinda.

Adhabu hiyo ipo katika namna ya malipo. Mpanda farasi wa Marekani hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila mbio anayopanda, na akishinda hupata karibu sehemu ya kumi ya zawadi ya mwenye farasi. Asipofika, farasi wake hupandwa na mwingine mchana huohuo, na huyo mwingine akishinda, farasi yule huenda asirudi kwake tena. Mtu anayeishi hivyo atamwambia nani kwamba ni mgonjwa? Akimwambia mkufunzi, mkufunzi ana mwenye farasi wa kumwogopa, na mwenye farasi ametumia mamilioni. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naukubali usemi huo, ila naona tumezoea kumtupia lawama mficha maradhi peke yake bila kuuliza nani amemfanya aone kuficha kuwa ndiyo njia pekee ya kula.

Nilikulia katika nyumba yenye mlevi wa aina hii. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kuchelewesha nguo ya mteja hata siku moja. Suti za harusi zilitoka kwa wakati, mishono imenyooka, vifungo vimekaa sawa, na wateja walimsifu mbele yetu wakiwa wamesimama mlangoni na nguo zao mkononi. Sisi tuliomvua viatu usiku, tuliojua kwamba asubuhi hakuweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka apate glasi ya kwanza, tulizisikia sifa zile na tukanyamaza. Kazi nzuri ndiyo iliyotufunga midomo. Tungeanzaje kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa wakati mji mzima unasema ni fundi hodari, na ni kweli alikuwa fundi hodari? Ndiyo maana nasoma habari ya Bailey kwa jicho jingine, na ndiyo maana miaka yake ya kabla ya 1989 inanigusa kuliko ile ya mataji.

Watu wa mbio za farasi hujibu kwamba siku hizi upo upimaji. Nchini Uingereza, kwa mfano, wapanda farasi wanaweza kupimwa pumzi kabla ya mbio, na aliyezidi kiwango haruhusiwi kupanda. Utaratibu huo ni mzuri na nauunga mkono, kwa sababu mtu mwenye pombe kichwani akiongoza mnyama wa nusu tani kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa anahatarisha maisha ya wote walio karibu naye. Hata hivyo kipimo cha pumzi hupima alichokunywa mtu jana usiku, wala hakipimi anachoumwa. Mlevi mwenye nidhamu ya saa, anayejua kuhesabu ni saa ngapi pombe hutoka mwilini, hupita kipimo kila siku kwa miaka na kurudi nyumbani kuendelea pale alipoishia. Na mpanda farasi, ambaye maisha yake yote ni kuhesabu gramu na dakika, ndiye stadi wa hesabu za namna hiyo kuliko mtu yeyote.

Kwa Bailey kilichogeuza mambo kilikuwa nje ya uwanja. Kilikuwa nyumbani, kwa mke wake, ambaye hakuishi na mpanda farasi wa kwenye magazeti; aliishi na mtu anayekunywa. Bailey mwenyewe ameyaeleza hayo hadharani, na katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 2005 hakujipamba. Alikwenda kwenye mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, walevi wawili walipogundua kwamba mmoja akikaa na mwenzake na kumweleza ukweli wake, wote wawili huweza kuimaliza siku bila kunywa. Msingi wake haujabadilika: unaingia katika chumba chenye viti, unataja jina lako la kwanza, unasema wewe ni mlevi, na unaahidi leo tu. Huahidi mwaka wala msimu.

Nadhani watu wengi hawaoni jinsi jambo hilo lilivyo gumu kwa bingwa. Mtu huyu amezoea kutambulishwa kwa idadi ya ushindi wake, na katika chumba kile idadi hiyo haina thamani yoyote. Dereva wa lori aliyemaliza miezi minne bila pombe ndiye mkubwa wake, na ndiye atakayemwelekeza. Kuukubali ukubwa wa aina hiyo ni kuvua kila kitu alichovishwa na watu. Wale wanaoendesha nyumba za soba, wanakokaa watu wanaojitahidi kuacha ulevi, katika miji yetu ya pwani wanaijua hali hii vizuri: aliyekuja na cheo ndiye anayechelewa kupona, kwa kuwa cheo chake kinaendelea kumwambia kwamba yeye si kama hawa wengine.

Baada ya hapo, je, kuacha pombe hakukumsaidia katika kazi? Kulimsaidia, na sitaki shaka yangu ya awali ieleweke vibaya. Bailey alisifika kwa maandalizi. Alizisoma rekodi za farasi wote wa mbio, wa wapinzani wake kama wa kwake, akajua nani atakimbilia mbele mapema, nani atachoka kwenye kona, na nafasi itafunguka wapi. Kazi hiyo hufanywa jioni, mtu akiwa ametulia na karatasi mezani, na jioni ndizo pombe ilizokuwa ikimnyang'anya. Kwa maoni yangu kile alichokipata mwaka 1989 si nguvu mpya wala kipaji kipya, bali saa nne au tano za kila siku ambazo hapo kabla hazikuwa zake.

Matunda ya saa hizo yanaonekana vizuri kuliko kwingine katika mbio za Dubai World Cup, zilizofanyika kwa mara ya kwanza Machi 1996 katika uwanja wa Nad Al Sheba, usiku, chini ya taa. Bailey alikuwa juu ya Cigar, farasi wa mkufunzi Bill Mott, ambaye mwaka uliotangulia alikimbia mara 10 na kushinda zote 10. Safari nusura ivunjike, kwa kuwa Cigar alipata jipu kwenye kwato wiki chache kabla na maandalizi yake yakakatika. Walipoingia katika sehemu ya mwisho iliyonyooka Cigar alishika uongozi, lakini Soul of the Matter akaja kwa nje, akamfikia, wakawa bega kwa bega. Farasi ambaye hakufanya mazoezi kamili, aliyesafirishwa nusu ya dunia, angestahili kusamehewa kama angekata tamaa pale. Bailey hakumwacha apumzike wala hakumharakisha kwa pupa. Alimshika katika mwendo wake, hatamu hazikulegea, mikono ikisukuma shingoni kwa pigo moja baada ya jingine, na Cigar akajibu, akachomoka tena na kushinda kwa nusu urefu wa farasi. Ulikuwa ushindi wake wa 14 mfululizo, na alifika 16 kabla ya kufungwa Agosti mwaka huo kule California. Ukiitazama filamu ya mbio zile, mtazame mtu kabla ya kumtazama farasi. Anafanya uamuzi mwingi katika muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi tano, na haonekani kuwa na haraka.

Miaka 22 kabla ya usiku ule, Ireland ilikuwa imeona jambo linalofanana. Bobby Beasley alitoka katika ukoo wa farasi. Babu yake, Harry Beasley, alishinda Grand National, mbio kubwa ya kuruka viunzi nchini Uingereza, mwaka 1891 na alikuwa bado anapanda mbio akiwa amepita miaka 80. Bobby naye alikuwa ameshinda Cheltenham Gold Cup mwaka 1959 na Roddy Owen, Champion Hurdle mwaka 1960 na Another Flash, na Grand National mwaka 1961 na Nicolaus Silver, farasi wa kijivu. Mbio zote tatu kubwa za kuruka viunzi alikuwa amezimaliza kabla hajafikisha miaka 26. Kisha uzito na ulevi vikamwangusha hadi akaacha kupanda, na watu wakamhesabu kuwa habari ya zamani.

Alirudi akiwa hanywi tena, na Machi 1974, akiwa na miaka 38, alipanda Captain Christy katika Gold Cup ileile. Farasi huyo alikuwa na miaka saba na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza wa viunzi vikubwa, mwenye kasi lakini asiyeaminika katika kuruka, akifundishwa na Pat Taaffe, aliyempanda farasi maarufu Arkle miaka ya sitini. Pendil, aliyetarajiwa na wengi, aliangushwa kiunzi cha tatu kutoka mwisho na farasi aliyeanguka mbele yake. Wakabaki Captain Christy na The Dikler, bingwa wa mwaka uliotangulia. Kwenye kiunzi cha mwisho kabisa Captain Christy alikosea vibaya, akakigonga kwa kifua. Hapo ndipo mpanda farasi huruka mbele ya masikio au hubaki. Beasley alibaki, akaziachia hatamu ili farasi apate shingo yake ya kujiinulia, akazikusanya tena, na wakapanda kilima cha Cheltenham wakimwacha The Dikler kwa urefu wa farasi watano. Kati ya Gold Cup yake ya kwanza na ya pili ilikuwa imepita miaka 15.

Nimezieleza mbio hizo mbili kwa mapenzi, kwa sababu zinastahili, lakini papo hapo namkumbuka Pat Eddery. Alikuwa bingwa wa Uingereza mara 11, alishinda mbio 4,632 katika nchi hiyo, Derby ya Epsom mara tatu, Prix de l'Arc de Triomphe mara nne. Alifariki Novemba 2015 akiwa na miaka 63, na familia yake ilisema wazi kwamba pombe ndiyo iliyomchukua. Hakukosa nidhamu mtu huyu. Huwezi kushinda mara 4,632 bila nidhamu. Hakukosa sababu ya kuishi, wala watu waliompenda, wala sifa. Tukisimulia habari ya Bailey na Beasley kana kwamba ari ya ushindi ndiyo iliyowaponya, tutakuwa tumemwambia kila mtu aliyempoteza ndugu kwa pombe kwamba marehemu wake hakuwa na ari ya kutosha. Siwezi kuandika hivyo. Uraibu ni ugonjwa, na wagonjwa wawili wenye ujasiri uleule hutoka hospitali moja, mmoja kwa miguu yake na mwingine amebebwa.

Ninachokitaka kwa wenye mamlaka ya michezo, wa farasi na wa mingine, ni kidogo na kinawezekana: mwanamichezo aseme kwamba pombe imemshinda, apate matibabu, na nafasi yake ya kazi imsubiri kama inavyomsubiri aliyevunjika mfupa wa bega. Kwa mfupa wa bega hakuna anayeuliza maswali. Na kwa sisi tunaoandika, ombi langu ni kwamba tuache kuanza habari hizi na kombe. Tuanze na miaka ambayo mtu alikuwa anashinda na hakuna aliyemuuliza hali, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi wanaoumwa leo, katika viwanja, katika ofisi, kwenye cherehani.

Orodha ya ushindi wa Jerry Bailey inapatikana kwa yeyote anayeitaka. Humo mna jina la farasi, uwanja, tarehe, umbali na muda, mara 5,893. Aliyeitunza hakuweka alama yoyote penye Januari 1989. Mbio alizoshinda akiwa mgonjwa na alizoshinda akiwa mzima zimefuatana katika safu moja, na kwa kuzisoma tu huwezi kuzitenganisha.